Kurudufisha kanzidata inayofanya kazi hadi mkoa mwingine kwa ZFS: mwongozo kamili kwa watumiaji wa PostgreSQL

Umeme ukikatika ghafla kwenye chumba cha seva na betri zikashindwa kubeba mzigo, PostgreSQL haipati nafasi ya kufunga mafaili yake. Inazimika ikiwa katikati ya kazi. Umeme ukirudi, inafungua daftari lake la mabadiliko, yaani WAL, inarudia kila muamala uliokwisha kuthibitishwa, na ule ambao haukukamilika inauhesabu kuwa haukuwahi kutokea. Kisha inaanza kupokea wateja. Hakuna mtu anayeisaidia. Imeundwa ikijua kwamba siku moja umeme utakatika.

Mwongozo huu wote unasimama juu ya tabia hiyo. Mfumo wa faili wa ZFS unaweza kupiga picha ya diski nzima kwa nukta moja ya wakati, na picha hiyo tutaiita snapshoti. Ukiipeleka snapshoti kwenye seva ya mkoa mwingine na kuiwasha huko, PostgreSQL ya huko itaamini kwamba umeme ulikatika sekunde ile picha ilipopigwa, nayo itajitibu kama ilivyozoea. Huku nyumbani wateja hawatajua kuwa kuna lililotokea.

Lakini kuna sharti: kila kitu ambacho PostgreSQL ingekihitaji baada ya umeme kukatika lazima kiwe ndani ya picha ileile moja. Karibu kila mkasa niliouona katika kazi hii ulitokana na mtu kulisahau sharti hili.

Mfano wetu ni ushirika wa akiba na mikopo wenye seva kuu Dar es Salaam na seva ya nakala Dodoma. Zote mbili zina Ubuntu 24.04 na PostgreSQL 16. Kama wewe uko Nairobi na nakala yako iko Kisumu, badilisha majina tu.

Kwanza amua utakubali kupoteza kiasi gani

Kuna njia ya kurudufisha ambayo haipotezi hata muamala mmoja: seva kuu haimwambii mteja "tayari" mpaka seva ya mbali nayo iwe imeandika. Protokali C ya DRBD, programu ya Linux inayorudufisha diski kupitia mtandao, hufanya hivyo. Tatizo ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Dar hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450. Kwenda na kurudi ni milisekunde 4 hadi 5 kabla hujahesabu vifaa vya njiani. Muunganisho mmoja unaothibitisha muamala baada ya muamala hautavuka kama miamala 200 kwa sekunde, hata ukinunua diski za bei gani. Na laini ikikatika, inabidi uchague: ama mfumo usimame, ama uendelee bila nakala.

Njia ya snapshoti inakubali kupoteza kidogo. Ukipiga picha kila dakika 10, jengo la Dar likiungua utapoteza hadi dakika 10 pamoja na muda wa kusafirisha picha ya mwisho. Kaa na mhasibu, si na mafundi wenzako, umuulize: marejesho ya mikopo yaliyoingia ndani ya dakika hizo tutayapata wapi tena? Ushirika ambao wanachama wake hulipa kwa simu unaweza kuyajaza upya kutoka kwenye taarifa za miamala za kampuni ya simu. Unaopokea fedha taslimu dirishani utahitaji stakabadhi za karatasi. Kama jibu ni "hatuwezi kupoteza hata shilingi", basi ongeza juu ya haya urudufishaji wa PostgreSQL yenyewe kwa hali ya kusubiri (synchronous), ukikubali gharama ileile ya umbali; usiposubiri, hubaki nyuma kwa sekunde chache. Njia hizi mbili zinakaa pamoja vizuri.

Kuhusu mahali pa kuweka nakala, kumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika siku moja na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Nakala iliyoko Ulaya siku kama hiyo inabaki nyuma au husimama kabisa. Nakala iliyoko ndani ya nchi, kwenye fiba ya nchi kavu, ina nafasi nzuri zaidi ya kuendelea kupokea.

Andaa diski za Dar

```
sudo apt install zfsutils-linux mbuffer
sudo zpool create -o ashift=12 hazina mirror \
  /dev/disk/by-id/DISKI-A /dev/disk/by-id/DISKI-B
sudo zfs create -o mountpoint=/mnt/pgmpya -o compression=lz4 \
  -o atime=off -o recordsize=16K hazina/pg
```

Amri ya pili inaziunganisha diski mbili kuwa hazina (pool) moja, na ya tatu inaunda ndani yake dataseti, yaani mfumo wa faili unaoweza kupigiwa picha peke yake. Tumia majina ya `by-id`, kwa sababu `sda` ya leo yaweza kuwa `sdb` kesho.

Usiipite haraka ile `recordsize`. PostgreSQL huandika kurasa za KB 8. ZFS ikiachwa ilivyo hutumia vipande vya hadi KB 128, na haibadilishi sehemu ya kipande; hukiandika chote upya mahali pengine. Ukurasa mmoja ukiguswa, kipande kizima huhesabiwa kuwa kimebadilika, nacho ndicho kitakachosafiri kwenda Dodoma. Hiyo ni mara 16 ya kilichobadilika. Nimeona laini ya Mbps 20 ikilaumiwa kwa wiki kadhaa wakati kosa lilikuwa namba hii. KB 16 inaacha nafasi ya kubana data bila kuumiza laini. Iweke kabla ya kunakili mafaili, kwa kuwa haibadilishi yaliyokwisha kuandikwa.

Sasa hamisha kanzidata usiku, wanachama wakiwa wamelala:

```
sudo systemctl stop postgresql
sudo rsync -aHAX /var/lib/postgresql/ /mnt/pgmpya/
sudo mv /var/lib/postgresql /var/lib/postgresql.zamani
sudo zfs set mountpoint=/var/lib/postgresql hazina/pg
sudo systemctl start postgresql
```

Folda ya zamani iache wiki moja, ndipo uifute.

Hakikisha kila kitu kiko ndani ya picha moja

```
ls -ld /var/lib/postgresql/16/main/pg_wal
sudo -u postgres psql -c "SELECT spcname, pg_tablespace_location(oid) FROM pg_tablespace;"
```

Amri ya kwanza inakuonyesha kama `pg_wal` ni folda ya kweli au ni kiungo kinachoelekea diski nyingine. Ya pili inataja kila mahali pengine ambapo majedwali yamewekwa. Niliwahi kurithi seva ambayo fundi aliyetangulia alikuwa amehamishia `pg_wal` kwenye SSD ya pekee ili kuongeza kasi. Wazo lake halikuwa baya. Ila snapshoti ilipigwa kwenye data tu, na WAL ikanakiliwa kivyake sekunde chache baadaye. Miezi mingi kila kitu kilionekana kijani. Siku ya kuwasha nakala tulipata mstari huu:

`PANIC: could not locate a valid checkpoint record`

Maana yake ni kwamba data na daftari lake havisimulii wakati mmoja. Mtandaoni utakuta watu wakishauri `pg_resetwal`. Amri hiyo hunyamazisha kilio tu. Kanzidata itawaka, lakini salio la mwanachama huenda lisilingane na miamala yake, na hutajua ni la mwanachama yupi.

Ikiwa lazima utenganishe data na WAL, viweke kama dataseti mbili chini ya mzazi mmoja ndani ya hazina moja, kisha piga `zfs snapshot -r hazina/pg`. Ile `-r` hupiga zote kwa nukta moja. Diski zilizo kwenye hazina mbili tofauti hazina dhamana hiyo.

Watumiaji wa MySQL wafuate kanuni hiyohiyo: kurasa za InnoDB ni KB 16, na kumbukumbu zake za kurudia (redo log) lazima ziwe kwenye picha ileile. Majedwali ya MyISAM yahamishie InnoDB kwanza. Hayajui kujitibu baada ya umeme kukatika.

Pima kabla ya kukodi laini

Piga snapshoti mbili zilizotofautiana saa moja ya pilikapilika, kwa mfano asubuhi ya mwisho wa mwezi, halafu uliza ukubwa wa tofauti bila kutuma chochote:

```
sudo zfs send -nv -c -i hazina/pg@a hazina/pg@b
```

Ukipata GB 6, hizo ni gigabiti 48 kwa sekunde 3,600, yaani zaidi kidogo ya Mbps 13 bila kupumua. Laini ya Mbps 10 itazidi kubaki nyuma kila saa; ya 30 itakuwa na nafasi ya kulipa deni baada ya kukatika.

Andaa Dodoma

```
sudo apt install zfsutils-linux mbuffer
sudo zpool create -o ashift=12 akiba mirror \
  /dev/disk/by-id/DISKI-C /dev/disk/by-id/DISKI-D
sudo zfs create -o readonly=on -o mountpoint=none \
  -o compression=lz4 -o recordsize=16K akiba/dar
```

Nakala itaingia kama `akiba/dar/pg` na kurithi sifa zote za mzazi wake. `readonly=on` inazuia mtu kuigusa kwa bahati mbaya; nakala iliyobadilishwa itakataa kupokea nyongeza inayofuata.

Mimi napendelea Dodoma ivute, na si Dar isukume. Mvamizi akiingia seva kuu na kufunga data ili adai fedha, hatakuta humo ufunguo wa kumfikisha kwenye nakala. Dar tengeneza mtumiaji asiye na mamlaka mengine yoyote:

```
sudo adduser --disabled-password vuta
sudo zfs allow vuta send hazina/pg
```

Weka kwenye akaunti hiyo ufunguo wa SSH wa umma wa root wa Dodoma.

Safari ya kwanza

```
sudo zfs snapshot hazina/pg@msingi
```

Kisha, kutoka Dodoma, ukiwa root:

```
ssh vuta@seva-dar zfs send -c hazina/pg@msingi \
  | mbuffer -q -m 512M | sudo zfs receive -s -u akiba/dar/pg
```

`-c` husafirisha data ikiwa imebanwa vilevile ilivyo diskini. `-s` ndiyo rafiki yako laini ikikatika: Dodoma inabaki na tokeni ya kuendelea pale ilipoishia.

Kama una GB 400 na laini ya Mbps 50, ni karibu saa 18 laini ikiwa yako peke yako. Wakati mwingine ni nafuu kupanda treni ya SGR na diski kwenye begi. Diski hiyo ifunge kwa LUKS, usimbaji fiche wa diski wa Linux, kwanza, maana ndani yake mna majina, simu na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikupi msamaha kwa kuwa begi liliibiwa kituoni.

```
sudo cryptsetup luksFormat /dev/disk/by-id/DISKI-SAFARI
sudo cryptsetup open /dev/disk/by-id/DISKI-SAFARI safari
sudo zpool create safari /dev/mapper/safari
sudo zfs send -c hazina/pg@msingi | sudo zfs receive -u safari/pg
sudo zpool export safari
sudo cryptsetup close safari
```

Ukifika Dodoma, ifungue kwa `cryptsetup open`, fanya `zpool import safari`, kisha utume `safari/pg@msingi` kwenda `akiba/dar/pg`. Snapshoti hubeba kitambulisho chake popote iendapo, kwa hiyo nyongeza zitakazofuata kutoka Dar zitaitambua bila shida.

Nyongeza za kila dakika 10

Dar, kwenye `/etc/cron.d/picha-pg`:

```
*/10 * * * * root /usr/sbin/zfs snapshot hazina/pg@r-$(date -u +\%Y\%m\%d\%H\%M)
```

Mikwaju iliyo mbele ya alama za asilimia ni ya lazima ndani ya cron. Bila hiyo amri hukatwa katikati.

Dodoma, `/usr/local/sbin/vuta-pg`, iendeshwe na cron ya root dakika 2 baada ya kila picha:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
PATH=/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin
exec 9>/run/vuta-pg.lock
flock -n 9 || exit 0
SEVA=vuta@seva-dar
LENGO=akiba/dar/pg
TOKENI=$(zfs get -H -o value receive_resume_token $LENGO)
if [ "$TOKENI" != "-" ]; then
  ssh $SEVA zfs send -t "$TOKENI" | zfs receive -s -u $LENGO
fi
HAPA=$(zfs list -H -d 1 -t snapshot -o name -s creation $LENGO | tail -1 | cut -d@ -f2)
KULE=$(ssh $SEVA zfs list -H -d 1 -t snapshot -o name -s creation hazina/pg | tail -1 | cut -d@ -f2)
[ "$HAPA" = "$KULE" ] && exit 0
ssh $SEVA zfs send -c -I "@$HAPA" "hazina/pg@$KULE" | zfs receive -s -u $LENGO
```

`flock` inazuia zamu mbili kugongana siku ambayo laini ni nzito. Kabla ya kumaliza, endesha hati hii kwa mkono mara moja na uone kwamba snapshoti ya mwisho inapita.

Kusafisha snapshoti za zamani kunahitaji uangalifu kuliko kuzipiga. Ile ya mwisho ambayo pande zote mbili zinayo ndiyo daraja. Ukiifuta Dar kabla Dodoma haijavuta inayofuata, daraja limevunjika na utaanza upya na begi kwenye treni. Weka Dar saa 48 za snapshoti, ambazo ni 288. Dodoma weka nyingi zaidi: za kila saa kwa wiki, za kila siku kwa miezi 3. Sababu ni kwamba urudufishaji husafirisha makosa kwa uaminifu uleule unaosafirisha kazi nzuri. Mtu akifuta jedwali saa 4 asubuhi, saa 4 na dakika 15 Dodoma nayo haina jedwali hilo. Kitakachokuokoa ni picha ya saa 3 na dakika 50. Na usiiache hazina yoyote ipite asilimia 80 ya ujazo, kwani snapshoti hushikilia vipande vya zamani na diski hujaa kimyakimya.

Washa nakala kila wiki

Fanya hatua hii hata kama utaahirisha nyingine zote. Huhitaji kugusa nakala yenyewe. Tengeneza kloni, ambayo haichukui nafasi mpaka iandikwe:

```
sudo zfs clone -o mountpoint=/mnt/jaribio \
  akiba/dar/pg@r-202501150700 akiba/jaribio
sudo rm -f /mnt/jaribio/16/main/postmaster.pid
sudo -u postgres /usr/lib/postgresql/16/bin/postgres \
  -D /etc/postgresql/16/main \
  -c data_directory=/mnt/jaribio/16/main \
  -c archive_mode=off -p 5499
```

Hapa mitego miwili hujitokeza. Kwenye Ubuntu mipangilio ya PostgreSQL iko `/etc/postgresql`, nje ya dataseti yetu, kwa hiyo haikusafiri. Inakili Dodoma kila ibadilikapo. Pili, namba ya mtumiaji `postgres` lazima iwe sawa pande zote, la sivyo mafaili yatakuwa mali ya mgeni.

Ukiona `database system was not properly shut down; automatic recovery in progress`, furahi. Ndiyo umeme kukatika tuliousema mwanzoni. Baada yake yaja `redo starts at`, `redo done`, na `database system is ready to accept connections`.

Kuwaka peke yake hakutoshi. Kwenye dirisha jingine:

```
sudo -u postgres pg_amcheck -p 5499 --all --install-missing
```

Amri hii hukagua faharasa na majedwali. Inanasa pia balaa lisilopiga kelele: toleo la maktaba ya glibc likitofautiana kati ya seva mbili, mpangilio wa herufi hubadilika, kama ilivyotokea kwa toleo 2.28 la mwaka 2018. Faharasa iliyopangwa kwa kanuni za Dar husomwa kwa kanuni nyingine Dodoma, na mwanachama aliyemo haonekani akitafutwa kwa jina. Ndiyo maana nilisema Ubuntu ileile pande zote.

Mwisho, weka kwenye kanzidata kuu jedwali dogo linaloandikiwa saa ya sasa kila dakika. Soma mstari wake wa mwisho ndani ya kloni. Tofauti kati ya saa hiyo na saa ya ukutani ndiyo upotevu wako halisi, na ndiyo namba ya kumpelekea mhasibu. Ukimaliza, zima na ufute kloni kwa `zfs destroy akiba/jaribio`.

Siku ya kuhama

Kabla ya yote hakikisha Dar imezimwa kweli. Laini iliyokatika hufanana sana na seva iliyokufa, na ukiwasha Dodoma wakati Dar bado inapokea malipo ya dirishani, utakuwa na daftari mbili zinazobishana. Mpigie simu mtu aliye pale. Kama Dar bado inapumua na unahama kwa hiari, simamisha PostgreSQL, piga snapshoti ya mwisho na uivute. Hapo hupotezi kitu.

Kisha Dodoma ondoa ratiba ya kuvuta na simamisha PostgreSQL iliyopo. Folda yake ya `/var/lib/postgresql` ihamishie pembeni kama ulivyofanya Dar, halafu:

```
sudo zfs snapshot akiba/dar/pg@kabla-ya-kuhama
sudo zfs set readonly=off akiba/dar/pg
sudo zfs set mountpoint=/var/lib/postgresql akiba/dar/pg
sudo rm -f /var/lib/postgresql/16/main/postmaster.pid
sudo systemctl start postgresql
```

Kama `zfs get mounted akiba/dar/pg` inajibu `no`, fanya `zfs mount` kabla ya kuwasha. Badilisha DNS, ambayo muda wake wa kukumbukwa ulipaswa kuwa sekunde 60 tangu mwezi uliopita.

Dar ikirudi, usiwe na haraka ya kuifuta. Ndani yake kuna dakika zile ambazo hazikuwahi kusafiri. Piga snapshoti, itume kwenye dataseti nyingine hapohapo, iwashe kwa mlango 5499 na umpe mhasibu orodha ya miamala iliyo huku na haiko Dodoma. Ikishaingizwa yote, rudisha `hazina/pg` kwenye snapshoti ya mwisho ya pamoja kwa `zfs rollback -r`, kisha ugeuze mwelekeo: Dar sasa ndiyo inayovuta kutoka Dodoma, kwa hati ileile iliyobadilishwa majina.